Acheni Kuhesabu Maneno ya Mtoto wa Mwenzenu



Leo hatuna mapishi wala mitindo ya hina. Leo tunalisema jambo linalowaliza wake wengi vijana, hasa walioolewa mbali na kwao. Ni lile swali la "Mbona mtoto wako hasemi?" Huulizwa harusini, huulizwa kwenye maulidi, huulizwa kwa simu siku ya Ijumaa baada ya salamu tu. Na aghalabu anayeuliza hataki kujua, ameshahukumu. Mtoto wa fulani ana umri huo huo na anasema kama kasuku, basi huyu wako ana nini? Unamnyamazisha? Humsemeshi? Au ni huko ulikoolewa?

Sisi tunasema wazi: kipimo hicho ni kibovu, na anayepimwa hasa si mtoto. Ni mama yake. Na mizani mbovu imekatazwa na dini yetu hata kwenye kuuza mchele, seuze kwenye heshima ya mwanamke.

Bi harusi wa Unguja, mtoto wa Goweko

Tuchukue Goweko. Ni kituo cha Reli ya Kati katika wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, nchi ya misitu ya miombo, mizinga ya nyuki na mashamba ya tumbaku. Baadhi yenu mtasema, huko nani ameolewa? Wapo, na si jambo la leo. Kabla ya reli kulikuwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na mizigo, wafanyabiashara wa visiwani walipanda bara, na watu wakaoana. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alioa huko Unyanyembe Karunde, binti ya mtemi Fundikira. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ikawa nyepesi zaidi. Familia ngapi za Unguja na Pemba zina bibi au babu kutoka Unyamwezi? Waulizeni wazee wenu, mtashangaa.

Sasa tuchukulie binti wa Unguja ameolewa Goweko na amejaaliwa mtoto, sasa ana mwaka mmoja na nusu. Mama anamsemesha Kiunguja. Baba anachanganya Kiswahili cha Tabora na Kinyamwezi. Bibi mzaa baba, anayeshinda naye uani mama akiwa jikoni, anasema Kinyamwezi kitupu. Mtoto akiona kiu humwambia bibi "minzi", na bibi humpa maji. Asubuhi anajua kwamba "mwangaluka" ni salamu, hata kama anaitamka nusu. Treni ikilia, yeye ndiye wa mwanzo kunyoosha kidole.

Siku ya Ijumaa simu inapigwa kutoka Unguja. Mtoto anawekewa simu sikioni. "Sema shikamoo bibi! Sema pweza! Sema ngalawa!" Mtoto kimya. Pweza hajamuona, ngalawa hajaipanda, na sauti ya bibi wa Unguja inatoka ndani ya kijidude kisicho na uso. Basi, hukumu imetoka: "Mtoto hasemi, na hayo machache anayoyasema si Kiswahili."

Hebu mgeuze. Mchukueni mtoto wa Unguja wa umri ule ule, anayejua pweza, ngalawa na mwani, mumpeleke Goweko mumuulize mzinga, nyuki na matobolwa. Naye atakaa kimya. Je, mtasema naye hajui kusema? Hamtosema. Mtasema hajaviona. Basi haki hiyo hiyo mpeni wa Goweko.

Maneno hayaji kwa mstari

Mtoto hajifunzi maneno kama anayesoma orodha ya bidhaa za dukani, akianza juu na kumalizia chini. Neno linakaa na mtu na linakaa na kazi. Anayeshinda jikoni na mama anajua sufuria, moto na kijiko. Anayebebwa na babu kwenda msikitini anajua viatu, kofia na "Amin". Ndiyo maana watoto wawili wa nyumba moja, waliolishwa bakuli moja, wanatoka na maneno tofauti.

Na tofauti hizo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1994, Larry Fenson na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 1,800, kwa kuwauliza wazazi ni maneno gani watoto wao wanayasema. Katika umri wa miaka miwili, kwenye kila watoto kumi, yule wa chini kabisa alikuwa na maneno yasiyofika 60. Yule wa juu kabisa alipita 500. Umri mmoja, nchi moja, lugha moja. Kama Mwenyezi Mungu amewaumba watoto wa lugha moja na nafasi pana kiasi hicho, wewe umepata wapi ujasiri wa kumwambia mwenzako kuwa wake amechelewa kwa sababu wako ametangulia?

Kisha kuna hili la kusikia na kusema. Mtoto anaelewa kabla hajasema, na hazina ya anayoyaelewa ni kubwa kuliko anayoyatamka. Mwambie mtoto wa mwaka mmoja na nusu, "Kamletee baba kofia." Akienda akailete, basi ameelewa kitendo, mtu na kitu, na hajafungua mdomo. Lakini anayepima kwa masikio tu ataandika: sifuri.

Na kuna mtoto anayekusanya majina ya vitu, na kuna anayekusanya maneno ya kuishi na watu. Katherine Nelson alilieleza hilo tangu mwaka 1973, alipowafuatilia watoto 18 wakianza kusema. Hata majumbani kwetu tunawaona. Mmoja atakwambia paka, mpira, kiatu, taa. Mwingine hajui jina la kitu hata kimoja, lakini anajua njoo, sitaki, nipe, bado, changu. Mashoga wakija na swali la "Hiki nini? Na hiki nini?", wa kwanza atang'ara na wa pili ataonekana mjinga. Na huyo wa pili ndiye anayeiendesha nyumba nzima kwa maneno matano!

Tena hata neno analolisema halijakamilika ndani yake. Kila mwanamume aliyevaa kanzu ni "baba", mwanamke mwenzetu anacheka na kusema mtoto kachanganyikiwa. Kila mnyama mwenye miguu minne ni "ng'ombe". Kila siku iliyopita ni "jana". Hajachanganyikiwa. Ana neno moja na dunia ni kubwa, basi analinyoosha mpaka apate jingine.

Kinyamwezi si ugonjwa

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa ukali kidogo, na atakayeudhika atusamehe.

Visiwani kwetu kuna tabia ya kukicheka Kiswahili cha bara. Ni kweli, mwaka 1928 huko Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Fahari hiyo ni yetu. Lakini fahari ya lugha haimpi mtu ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mwanawe wa kuoa au wa kuolewa na kuamrisha: "Huyo bibi wa huko asimsemeshe mtoto kilugha, anamharibu ulimi." Tumeyasikia haya mara nyingi. Na ubaya wake ni kuwa yanavunja vitu viwili kwa pigo moja: lugha ya mtoto na udugu wa nyumba.

Mtoto wa Goweko mwenye maneno 30 ya Kiswahili na 30 ya Kinyamwezi ana maneno 60. Hesabu hiyo haihitaji skuli. Lakini bibi wa Unguja anahesabu 30, bibi wa Goweko anahesabu 30, na kila mmoja anasema mtoto yuko nyuma. Mwaka 1993 Barbara Pearson na wenzake walilichunguza jambo hili kwa watoto wa Miami waliokuwa wakikua na Kiingereza na Kihispania. Ukiwapima kwa lugha moja tu, wengi wanaonekana wana upungufu. Ukiyachanganya maneno ya lugha zote mbili, wako sawasawa na watoto wa lugha moja. Mtoto hajapungukiwa. Kahesabiwa nusu.

Na kama ni dalili, basi Mwenyezi Mungu mwenyewe ametueleza katika Suratur Rum kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara zake. Nani kati yetu atakayechukua ishara ya Mola wake aiite kasoro? Bibi anayemwambia mjukuu wake habari za mzinga na nyuki kwa lugha ya mamake anampa mtoto lugha kwa njia bora kabisa: uso kwa uso, kitu kikiwa mkononi, kwa mapenzi. Mkimnyamazisha, mtoto hatapata Kiswahili zaidi. Atapata ukimya tu.

Tuliyoyasahau katika dini yetu

Wapo wanaoweka video ya mtoto wa miaka mitatu akisoma Suratul Ikhlas, kisha wengine wanalia usiku kwa kuwa wao hawana cha kuweka. Mtoto kuhifadhi sura ni neema, Mungu azidishe. Lakini kuhifadhi sauti si sawa na kujua maneno. Mtoto anaweza kuisoma sura yote bila kukosea na bado hajui tofauti ya juzi na kesho. Na mwingine hajahifadhi kitu, lakini ukimwambia "tumuombe Mungu" anainua mikono. Msiwapambanishe.

Mkumbukeni Nabii Musa, alayhi salaam. Alimuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake, na akasema wazi kuwa ndugu yake Harun ni fasaha kumshinda. Na ni yeye huyo mwenye fundo la ulimi aliyesemeshwa na Mwenyezi Mungu, hata tukamwita Kalimullah. Angeishi mtaani kwetu leo, mama yake angeulizwa mangapi?

Mkumbukeni pia Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akimtania na kumuuliza habari za kijindege chake. Hakumuuliza orodha. Alimuuliza kuhusu kitu anachokipenda, kilicho katika dunia yake ndogo. Hiyo ndiyo njia ya kumfundisha mtoto kusema, na mama yeyote anaiweza, wa Mji Mkongwe na wa Goweko.

Lakini "atasema tu" nayo si jibu

Sasa tugeuke upande wa pili, maana kuna dhuluma nyingine inayofanywa kwa jina la subira. Mtoto kweli ana tatizo, na kila mtu anamwambia mama, "Muache, hata mjomba wake alichelewa." Wengine wanampeleka kukatwa kimeo. Wengine wanatafuta nani kamtupia jicho. Mwaka unapita, wa pili unapita, kumbe mtoto hasikii.

Maneno kuja kwa kupishana ni jambo la kawaida. Lakini yapo mambo ambayo si ya kusubiri, na kila bi harusi ayajue kabla hajazaa:

Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, au asiyegeuka akiitwa jina lake anapokaribia mwaka mmoja.

Mtoto aliyefika mwaka mmoja na habwabwaji, haoneshi kwa kidole, hapungi mkono.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno lolote katika lugha yoyote ya nyumbani, au asiyeelewa maagizo mepesi.

Mtoto wa miaka miwili asiyeunga maneno mawili, kama "mama njoo" au "maji zaidi".

Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea.

Huyo apelekwe. Aanze zahanati au kliniki ya watoto aliyozoea, na mama asikubali kurudishwa bila masikio kuangaliwa. Kama mtoto amewahi kutoka usaha masikioni, au kuugua homa ya uti wa mgongo, aseme, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuharibu usikivu. Kutoka Goweko, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, mjini Tabora. Kwa wa Unguja, ipo Mnazi Mmoja. Kutafuta tiba si kukosa imani. Ni kufunga kamba ya ngamia kabla ya kutawakali.

Na angalieni vizuri: hakuna hata jambo moja hapo juu linalosema "mtoto wa jirani ana maneno mangapi". Yote yanamtazama mtoto mwenyewe, anasikia vipi, anaelewa vipi, anaendelea au anarudi nyuma. Wale wanaouliza "mbona hasemi" kwa kejeli wanamtisha mama wa mtoto mzima, halafu wanamtuliza mama wa mtoto mgonjwa. Wanakosea pande zote mbili.

Mama ndiye anayejua

Kuna dhana kuwa mwanamke ambaye hakusoma hawezi kujua hali ya mwanawe. Si kweli. Watafiti wakiongozwa na Katie Alcock walitengeneza orodha za maneno ya watoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, kwa Kiswahili na Kigiriama, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Hawakuwapa mama karatasi wajaze, kwa kuwa wengi hawakuwa wakijua kusoma. Walikaa nao wakawauliza ana kwa ana, na wakaona kuwa mama asiyesoma anaweza kueleza vizuri mtoto wake anaelewa nini na anasema nini. Basi kabla ya kutoa hukumu kwa simu kutoka ng'ambo ya bahari, muulizeni anayelala naye.

Tunataka tuseme na kila mmoja kwa zamu yake.

Masomo wetu, mnaomfunda mwari namna ya kumsitiri mume na kuipamba nyumba: ongezeni somo hili. Mfundeni amsemeshe mtoto tangu yuko mikononi, wakati wa kumuogesha, kumvisha, kumenya muhogo. Mwambieni asimkabidhi mtoto kwa simu ya katuni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Bibi humsubiri.

Mavyaa zetu, wa kisiwani na wa bara: mna lugha na mna hadithi. Mpeni mjukuu vyote, na mumuache mkwe wenu naye ampe vyake. Mkitaka kusikia maneno kwa simu, ulizeni anachokijua. Muulizeni treni ya leo imelia vipi. Mtashangaa atakavyojibu.

Waume, ambao mmekuwa mkikaa kimya katika haya yote: mama yako akimuuliza mkeo "mbona hasemi", jibu wewe. Ni mwanao pia. Na ulimi wako pia anausubiri, maana mtoto anayesemeshwa na mtu mmoja tu atakuwa na maneno ya mtu mmoja tu.

Mashoga, harusini msimpange mtoto wa mwenzenu mbele ya wageni na kumfanyia mtihani. Anayekataa kusema mbele ya watu ishirini wenye mabaibui na manukato asiyowajua ana akili timamu.

Na wewe bi harusi, uliye Goweko au popote ulipoolewa, ambaye umeanza kujiona mama mbaya kwa sababu mwanao anasema "minzi" na hasemi "maji": mpe maji. Mwambie, "Ndiyo mwanangu, minzi, maji." Umempa mawili kwa moja. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na huyu wako ana ubawa wa Unguja na ubawa wa Unyamwezi. Usiruhusu mtu akate mmoja.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu ndimi zao kwa kheri, na sisi atuzibie zetu pale tusipokuwa na la kheri. Amin.